"Limepita Barazani": Limepita Likaenda Wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku juu Uporoto, tunalima viazi. Mwaka 2021 tulianza kujenga zahanati kwa nguvu zetu, kila kaya ikachanga fedha na tofali, tukafika kwenye lenta tukaishiwa. Tangu hapo kila tukimuuliza diwani, yule aliyepita na huyu wa sasa, jibu ni moja: "Suala lenu limepita barazani." Robo iliyopita nikaamua kwenda mwenyewe makao makuu ya halmashauri kusikiliza. Nikakuta watu wanafunua makaratasi, mwenyekiti anauliza, "Ukurasa wa 14, tuendelee?" wanaitikia, "Tuendelee." Taarifa ya afya haikuchukua hata dakika kumi. Viazi vya lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, vikajadiliwa mpaka njaa ikatuuma. Baadaye wageni tukaambiwa tutoke nje. Zahanati yetu sikuisikia hata jina. Naomba unieleze, kile kikao kinafanya kazi gani hasa, na sisi tumekwama wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, ndivyo sheria inavyotaka, lakini nenda wilaya yoyote, kuanzia Ludewa hadi Chunya, viti vya wageni utakuta vimekaliwa na watumishi wanaosubiri kuitwa wajibu hoja, watu wa vyama na wazee wachache waalikwa. Mkulima aliyelipa nauli yake mwenyewe aje kusikiliza "ukurasa wa 14, tuendelee" ni nadra.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ile ya pembeni, ya waandika muhtasari, katika zaidi ya halmashauri moja ya huku kwetu. Kwa hiyo nikwambie bila kuzunguka: huenda madiwani wako wote wawili hawakukudanganya. Suala lenu linaweza kuwa limepita kweli. Shida ni kwamba barazani jambo linaweza kupita kwa kupokelewa tu, linaweza kupita kwa kutolewa agizo, na linaweza kupita kwa kutengewa fedha. Hilo la mwisho peke yake ndilo linaloleta mabati kijijini. Kabla hujajua lenu lilipita kwa namna ipi, utaulizia mpaka wajukuu waote ndevu.

Tuanze na wale waliokuwa wanafunua kurasa. Lile kabrasha mikononi mwao linaweza kufika kurasa mia mbili na zaidi, na hakuna taarifa hata moja ndani yake iliyoandikwa kwa ajili ya siku ile tu. Wakuu wa idara wanaandika taarifa zao za robo, timu ya menejimenti inakaa chini ya mkurugenzi mtendaji inazichambua, ndipo zinapelekwa kwenye kamati za kudumu. Zahanati yenu ni ya Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Viazi na misitu vinakwenda Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Ipo ya kudhibiti UKIMWI, ipo ya maadili ya madiwani. Hizi hukaa kila robo.

Halafu ipo Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambayo mwenyekiti wake ndiye mwenyekiti wa halmashauri, na yenyewe hukaa kila mwezi. Mtu akiniuliza wilaya inaendeshwa kutoka chumba kipi, namwonyesha hicho. Baraza kamili la kawaida hukutana mara nne kwa mwaka, na shughuli za wilaya haziwezi kungoja miezi mitatu. Kamati ya Fedha ndiyo inayoona mapato na matumizi ya mwezi, inajua kata gani imekusanya ushuru na kata gani mashine za kukusanyia ushuru (POS) zimelala, na maombi ya kuhamisha fedha kutoka kifungu hiki kwenda kile yanaanzia mezani kwake. Diwani mwenye nafasi kwenye kamati hii ana nguvu ambayo wapiga kura wake wengi hawaijui, na baadhi ya madiwani wenyewe hawaijui.

Kwa hiyo taarifa ikipita kimya barazani, mara nyingi maana yake ni kwamba ugomvi ulishaishia kwenye kamati, ambako kwa kawaida mwananchi haingii. Wajumbe wa Kamati ya Elimu, Afya na Maji walishabanana na mganga mkuu wa wilaya siku nyingi kabla, katika chumba kidogo, na kilichobaki barazani ni kuulizana kama kuna mwenye nyongeza. Diwani asiyekuwa mjumbe wa kamati ile, na ambaye hakusoma kabrasha, ataitikia "tuendelee" kwa sababu hana la kusema. Hapo ndipo uvivu unapoingia, sikatai. Kabrasha linatakiwa limfikie kabla ya kikao ili alisome. Nimewaona wanaokuja nalo limepigwa mistari ya kalamu nyekundu kila ukurasa, na nimewaona wanaolifungua kwa mara ya kwanza baada ya dua ya kufungua kikao.

Sasa kwa nini hukusikia jina la zahanati yenu? Nadhani ulikwenda siku ya pili. Kikao cha robo mwaka kwa kawaida huchukua siku mbili. Siku ya kwanza ni ya taarifa za kata: kila diwani anasimama na taarifa ya kata yake, aliyoandaliwa na mtendaji wa kata, anaeleza shule, maji, mazao, migogoro ya ardhi na maboma yanayosubiri kukamilishwa. Siku ya pili ndiyo baraza kamili: kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, maswali ya madiwani na majibu ya mkurugenzi, taarifa za kamati. Zahanati yenu karibu hakika ilitajwa siku ile ya kwanza, pengine kwa sentensi moja: "Boma la zahanati limefikia hatua ya lenta, linahitaji kupauliwa." Mwenyekiti akasema taarifa imepokelewa, wajumbe wakapiga meza, diwani akarudi nyumbani na habari njema. Limepita barazani.

Taarifa kupokelewa hakumpi mtu yeyote kazi ya kufanya kesho yake. Baraza limesikia, basi. Robo inayofuata mtendaji wa kata anafungua faili lilelile kwenye kompyuta, anabadilisha tarehe, sentensi ya boma inabaki ilivyo, na mzunguko unaendelea. Nimewahi kuona taarifa za kata ambazo hata kosa la tahajia lilirithiwa robo baada ya robo.

Namna ya pili ni agizo. Hapa kuna uhai kidogo, kwa sababu agizo huandikwa kwenye muhtasari kama azimio na lazima lirudi kikao kinachofuata kwenye ajenda ya yatokanayo. Kama kuna ajenda moja ningependa kila mjumbe wa serikali ya kijiji aijue, ni hiyo. Wengi huiona ya kuchosha, hata madiwani huitumia kutoka kwenda kupokea simu. Lakini ni mahali pekee ambapo mkurugenzi anatakiwa aseme, mstari kwa mstari, alichofanya kuhusu kila alichoagizwa.

Ukipata nafasi ya kuliona jedwali lenyewe, utakuta safu nne: namba ya muhtasari, azimio, utekelezaji, na idara inayohusika. Tuseme boma lenu limo. Robo ya kwanza safu ya azimio itasomeka, "Mkurugenzi amtume mhandisi kukagua boma la zahanati." Safu ya utekelezaji: "Utekelezaji unaendelea." Robo ya pili: "Utekelezaji unaendelea." Robo ya tatu maneno yanabadilika: "Mradi utazingatiwa kadiri fedha zitakavyopatikana." Robo ya nne mstari haupo. Wala haukufutwa na mtu mwenye chuki na kijiji chenu. Umefutwa na karani anayepunguza kurasa, ambaye ameona jibu limeshatolewa, na hakuna diwani aliyenyoosha mkono kuuliza, "Mheshimiwa mwenyekiti, azimio namba fulani la kikao cha Februari limekwenda wapi?" Swali la aina hiyo halihitaji ufasaha wala sauti kubwa. Linahitaji diwani aliyehifadhi kabrasha la zamani.

Na hapo ndipo kijiji chenu kimepata pigo la pili. Kila baada ya miaka mitano baraza huvunjwa kupisha uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa Oktoba 2025. Katika miezi ile ya katikati shughuli za kila siku zinaendelea chini ya mkurugenzi na timu yake, bila madiwani wa kumbana. Baraza jipya likiapishwa linaanza kwa kuchagua mwenyekiti, makamu na wajumbe wa kamati, na diwani mpya hana habari na maazimio ya mwenzake. Kama boma lenu liliwahi kuwa na agizo kabla ya hapo, uwezekano kwamba huyu wa sasa analijua ni mdogo, isipokuwa kama kata ilimkabidhi kwa maandishi. Anaposema limepita barazani, pengine anarudia alichoambiwa na mtendaji.

Namna ya tatu ni bajeti, na hapa naomba unisome taratibu.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Fedha ya kupaua zahanati mwezi Agosti imeombwa karibu mwaka mzima kabla. Maombi ya vijiji huibuliwa kwenye vitongoji na mkutano mkuu wa kijiji, kwa utaratibu wa fursa na vikwazo, yaani wananchi kutazama walicho nacho na kinachowakwamisha, katika miezi ya mwisho wa mwaka. Yanapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu. Yanafika halmashauri, na mapema mwaka unaofuata baraza linakaa kikao maalumu cha bajeti. Baada ya hapo makadirio yanapitia ushauri wa wilaya na mkoa, yanakwenda TAMISEMI na Hazina, na Bunge linayapitisha kati ya Aprili na Juni.

Angalia sasa kalenda yetu ya huku juu. Mvua zinaanza Novemba, watu wako shambani wanapanda viazi, na mkutano mkuu wa kijiji unakosa watu au hauitishwi kabisa. Machi na Aprili barabara imekatika, mama mjamzito amebebwa kwenye pikipiki kwenye tope kupelekwa kituo cha mbali, uchungu unawapata wanakijiji wote kwa pamoja na mnampelekea diwani hoja kwa hasira. Mnampelekea wakati vitabu vya bajeti vimeshafungwa. Analisema barazani, wanalipokea, na kweli hakuna anayeweza kufanya lolote mpaka duru inayofuata, ambayo itafika mkiwa shambani tena. Nimeviona vijiji vingi vinaliwa na pengo hili, kuanzia Uporoto hadi Makete.

Mradi ukikubaliwa huingizwa kwenye mfumo wa mipango na bajeti unaoitwa PlanRep, ukiwa na mstari wake na kiasi chake. Malipo yenyewe hufanyika kwenye mfumo mwingine, MUSE, na mhasibu hawezi kulipa kitu kisicho na mstari hata baraza zima likisimama. Kwa hiyo acha kumuuliza diwani kama limepita. Mwendee afisa mipango wa halmashauri, umuulize kama zahanati ya kijiji chenu ina mstari kwenye PlanRep kwa mwaka huu wa fedha au ujao, na ni shilingi ngapi. Hilo ni swali la ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, kumbuka bado bajeti ni makadirio. Fedha inaweza kuchelewa au isije yote. Akisema hapana, basi umeshajua mmekwama wapi.

Fedha zenyewe zinaweza kutoka sehemu chache. Serikali kuu kwa miaka ya karibuni imekuwa ikipeleka shilingi milioni 50 kwa boma moja la zahanati lililofikishwa hatua kama yenu, na halmashauri ndiyo inayopendekeza maboma yapi yaingie kwenye orodha. Kisha kuna mapato ya ndani, ambayo sehemu yake, kwa halmashauri nyingi za kipato cha kawaida asilimia 40, lazima iende kwenye maendeleo. Kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Huo ndio mnaousikia ukigawa mabati na saruji. Usihesabu ile asilimia 10 ya mikopo ya vikundi, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ile ina kazi yake kisheria, haiezeki zahanati.

Umelalamika kuhusu lumbesa, na mimi nakuomba ulitazame upya. Ushuru wa mazao ni mapato makubwa kwa halmashauri za milima hii. Kisheria ushuru ule anaulipa mnunuzi. Mwaka 2017 serikali iliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Pale getini ambapo mkusanyaji anahesabu magunia badala ya kupima, gunia lililoshonewa kilemba likabeba kilo zaidi ya 100 zinazoruhusiwa linalipiwa kama gunia moja. Mkulima ameibiwa viazi, na halmashauri imeibiwa ushuru wa kilo zilizozidi. Fedha hiyo ni mapato ya ndani, ndimo inamotoka ile asilimia 40 niliyokutajia. Kwa hiyo ile saa ya lumbesa iliyokutia njaa ilihusu paa lenu kuliko ulivyodhani, ingawa nakubaliana nawe kwamba madiwani wa viazini hupenda kulisema jambo hili kwa urefu kwa sababu wanajua linapigiwa makofi, halafu wanatoka bila azimio lenye jina la mtu wa kulifanyia kazi.

Yapo pia mambo yanayosemwa sana pale ambayo baraza haliyashiki tena. Barabara za vijijini zilikwenda kwa wakala wa barabara, TARURA, mwaka 2017, maji vijijini yakaenda kwa wakala wa maji, RUWASA, mwaka 2019. Mameneja wao wa wilaya huja kikaoni, hujibu kwa adabu, huahidi. Lakini bajeti zao hazitoki kwa madiwani hawa. Mwananchi aliyekaa viti vya wageni hawezi kujua tofauti hiyo kwa kusikiliza, maana zote zinasemwa kwa sauti ileile.

Kuhusu kutolewa nje, usijisikie vibaya. Baraza lina madaraka ya ajira na nidhamu kwa baadhi ya watumishi, na mashauri yao yakifika hujigeuza kuwa kamati na wageni wote wanatoka, waandishi wa habari nao. Likimaliza hurudi kuwa baraza. Zahanati yenu haikuzungumzwa huko.

Turudi kwenye boma lenyewe, maana hata fedha ikipatikana kesho kuna kikwazo ambacho sijakisikia kwenye swali lako. Je, mhandisi wa halmashauri alishafika? Boma lililokaa wazi misimu kadhaa ya mvua za Uporoto si lile mliloliacha. Mhandisi atakuja na nyundo, atagonga tofali za kozi za juu asikilize, atachokonoa udongo uliojengea aone kama bado umeshika, ataangalia nondo zilizochomoza kwenye lenta zimeliwa na kutu kiasi gani. Anaweza kuagiza kozi mbili tatu zishushwe zijengwe upya. Atafungua futi kamba apime vyumba, alinganishe na ramani ya zahanati inayotumiwa na serikali. Vijiji vingi vilianza kwa ramani ya fundi wa mtaani: chumba cha wazazi hakitoshi kitanda na mkunga kwa pamoja, au hakuna mlango wa kupitisha machela. Boma la namna hiyo mganga mkuu wa wilaya hataliweka kwenye orodha ya kukamilishwa, na hakuna atakayewaandikia barua kuwaeleza kwa nini. Litakaa tu kwenye taarifa ya kata.

Ataulizia na kiwanja. Mnao muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliotenga ardhi ile kwa zahanati? Kama eneo lilitolewa na mzee kwa mdomo, na mzee amefariki, andikeni sasa, wanawe wakiwa wanakubali.

Ungekuwa umekaa mbele yangu ningekushauri uanzie kijijini. Itisheni mkutano mkuu. Sheria inataka ukutane kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe, yakiwemo ya michango ile ya 2021. Usiliruke hilo la michango. Watu ambao hawajaonyeshwa risiti na daftari la tofali hawatachanga awamu ya pili, na halmashauri huuliza nguvu za wananchi zimefikia thamani gani. Kisha mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, apeleke azimio lililoandikwa, na ahakikishe halikuandikwa kwa lugha ya kuomba kuangaliwa. Liandikwe hivi: "Kamati imeazimia kuomba fedha za kupaua na kukamilisha boma la zahanati ya kijiji fulani, lililokaguliwa na mhandisi tarehe fulani, makadirio yameambatishwa, liwe kipaumbele cha kwanza cha kata katika sekta ya afya kwa bajeti ya mwaka ujao." Neno kipaumbele cha kwanza litawapa shida, maana vijiji vingine vya kata nao wana maboma yao. Huo ugomvi upiganeni kwenye kata. Kata inayopeleka maboma matano yote kwa pamoja bila kuyapanga inamwachia afisa mipango achague, naye atachagua lililo karibu na barabara.

Makadirio ya mhandisi msiyakose. Diwani anayesimama kwenye kamati na kusema "zahanati yetu imekwama" anajibiwa "tumelipokea." Anayesimama na karatasi ya makadirio yenye idadi ya mabati, mbao, misumari na fundi, na jumla chini, anawalazimisha kujibu kwa namba.

Kwa diwani wenu, msimwendee kwa lawama. Mwombeni mambo mawili. Aulize kwa maandishi swali la yatokanayo: je, kuna azimio lolote tangu 2021 kuhusu boma hili, na limetekelezwaje? Maswali ya madiwani hupelekwa kwa mkurugenzi kabla ya kikao ili majibu yaandaliwe, kwa hiyo asingoje siku yenyewe. Na pili, awakutanishe na diwani mwenzake aliye kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji, kama yeye hayumo. Watu hudhani diwani wa kata nyingine hawahusu. Kwenye kamati ndiye anayewahusu kuliko wenu.

Akisitasita, mnaweza kumwandikia mkurugenzi ninyi wenyewe kuomba nakala ya azimio na hali ya utekelezaji. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku 30 kujibu. Pigeni mhuri wa kijiji, peleka nakala kwa mtendaji wa kata, na mtu aipeleke mkononi masjala akasainiwe kwenye kitabu cha kupokelea. Barua isiyosainiwa masjala haijafika, hata kama mlimkabidhi dereva wa mkurugenzi.

Mkishapata fedha, kijiji kitatakiwa kuwa na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na manunuzi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa NeST. Mtendaji wa kijiji atahitaji msaada wa halmashauri hapo, aombe mapema.

Jambo la mwisho ni watumishi. Zahanati haifunguliwi kwa kuwa na paa. Lazima isajiliwe wizarani ipewe namba, ndipo ianze kupelekewa dawa kutoka Bohari ya Dawa, na lazima ipangiwe mganga na muuguzi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Maombi ya ikama ya halmashauri huandaliwa msimu uleule wa bajeti, na upande wa afya yanaanzia kwa mganga mkuu wa wilaya. Kwa hiyo mkienda kumwomba mhandisi wa kukagua, siku hiyohiyo piteni ofisi ya mganga mkuu muulize zahanati yenu imo kwenye maombi ya watumishi ya mwaka ujao au haimo, na mkaone kama nyumba ya mtumishi ni sharti la kumpangia mtu huko juu kwenye baridi. Msisubiri bati la mwisho lipigwe msumari.